Utata Uliomkuta Refa Machibya

Katika nchi ile hapigwi mtu. Hilo mlijue mapema, kabla hatujaenda mbali. Huko mtu anaweza kupigwa na jua, anaweza kupigwa na butwaa, lakini kupigwa na binadamu mwenzake, tena mwenye kofia ya serikali? Thubutu! Jina la nchi yenyewe sitalitaja, maana ina masikio mengi, na mimi bado nayahitaji meno yangu.

Aliyekuwa akiitangaza habari hiyo njema kila asubuhi redioni, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya bei ya vitunguu, alikuwa Tamimu Kirobo, ambaye wananchi walimpa jina la Koo la Taifa. Alikuwa na sauti nzito, tamu, sauti ya mtu aliyekula akashiba. "Huku kwetu hapigwi mtu!" alikuwa akinguruma, na wewe msikilizaji hata kama ulikuwa umefunga bandeji ulijikuta unaiangalia bandeji yako kwa mashaka.

Asubuhi moja alikatishwa kidogo. Chumba cha pili kulikuwa na fundi mitambo akifundishwa adabu kwa rungu, kosa lake kupiga chafya katikati ya wimbo wa taifa. Fundi akawa anapiga mayowe ya kumtaja mama yake. Tamimu, mtu mzoefu, akasogeza mdomo karibu na maikrofoni na kupandisha sauti.

"Wasikilizaji, mnachokisikia ni utata kidogo wa mitambo."

Na kweli fundi alipotoka alikuwa na utata. Jicho moja lilikuwa limefunga duka, la pili lilikuwa likitafuta mlango.

* * *

Neno lenyewe, utata, lilianza maisha yake kwa unyenyekevu. Lilikuwa jirani wa wasusi, ambao siku nzima walilalamika kwamba nywele zimetatana. Lilikuwa rafiki wa waandishi wa michezo, ambao bila neno hilo wasingeweza kujaza ukurasa: penalti yenye utata, bao lenye utata, kocha kaondoka katika mazingira ya kutatanisha. Hakuna aliyelionea wivu. Lilikula na kulala pamoja na watu wa kawaida.

Mpaka siku Waziri wa Maneno, Mheshimiwa Mdachi, alipoliona likipita akalipandisha cheo.

"Mheshimiwa Spika," alisema bungeni, akivuta suruali juu ya tumbo, "serikali yako tukufu imefanya utafiti wa kina, na imebaini kwamba wananchi hawaumizwi na virungu. Wananchi wanaumizwa na maneno! Ukimwambia mama kwamba mwanawe ameuawa, analia. Lakini ukimwambia mwanawe amepatwa na utata, mama huyo, Mheshimiwa Spika, anauliza: utata gani? Na mtu anayeuliza, halii!"

Wabunge wakapiga meza mpaka glasi za maji zikaanguka. Mbunge mmoja wa kambi ya upinzani, ambayo ilikuwa kambi ya mtu huyo mmoja, akasimama kuuliza kama maiti nayo imepewa jina jipya. Akatolewa nje kwa mlango wa nyuma, na siku hizi anatembelea magongo. Ukimuuliza amepatwa na nini, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anasema: utata.

Tangu hapo maneno kuua, kupiga, kuteka na kutesa yakastaafishwa, neno damu likapelekwa likizo. Utata ukafanya kazi zao zote, tena bila kulalamika. Hospitalini daktari akaandika, "mbavu zina utata." Watoto waliokuwa wakicheza gololi wakaanza kutishana: "We, ukiiba tena nitakutatanisha!" Mke akamwambia mumewe mlevi, "Leo ukinigusa, mimi na wewe tutakuwa habari ya redioni."

Wasusi ndio waliopata shida, kwa kuwa walichelewa kujua kwamba neno lao limekuwa mkubwa. Msusi mmoja alimkalisha mteja wake, akashika kitana, akasema kwa nguvu, "Yesu wangu! Nani kakutatanisha hivi?" Askari wawili walikuwa wakipita nje. Wakaingia wamekunja ndita, wakitaka kujua ni nani huyo anayetatanisha raia bila kibali. Msusi akacheka. Walipoondoka, vidole vyake vilikuwa vimeelekea kila kimoja upande wake, kama ndugu waliogombea urithi.

Lakini hapigwi mtu.

* * *

Sasa tuje kwenye mpira.

Kila mwaka, Siku ya Kumpenda Mlezi, Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe alivaa jezi akaichezea Timu ya Ikulu dhidi ya Timu ya Wauguzi. Alikuwa straika. Kila mwaka alifunga bao moja la ushindi. Kipa wa wauguzi alikuwa na maelekezo yake: mpira ukienda kulia, yeye anaruka kushoto, kisha anagaragara akionyesha uchungu wa kizalendo. Tamimu ndiye aliyeutangaza mchezo huo kila mwaka, na kwa kuutangaza alipewa nyumba yenye geti.

Mwaka ule Mlezi alikuwa amenenepa. Akaona kukimbia ni kazi ya wanaotawaliwa. Akaagiza kiti. Kiti kikawekwa nyuma ya kipa wa wauguzi, hatua chache kutoka mstari wa goli, akakaa akimenya chungwa huku akisubiri mpira umletee heshima zake. Wauguzi wakacheza wakimkwepa kama sahani za urithi. Kipindi cha pili kikiwa kinaelekea ukingoni, Ikulu wakapiga krosi, mpira ukamgonga Mlezi kitambini, ukaingia wavuni. Kiti nacho kikaingia.

Filimbi ikalia. Refa Machibya akawa amesimama, mkono juu. Ameotea.

Msianze kumpaka marehemu mafuta sasa. Machibya hakuwa shujaa. Alikuwa mwoga wa kawaida, mwenye mke, watoto na kuku. Tatizo lilikuwa mkono. Miaka yote ya kuchezesha mpira ilikuwa imeufundisha mkono ule kupanda wenyewe kila ukiona mtu kakaa pasipo pake. Hata nyumbani, mtoto akiwahi nyama kabla ya wageni, mkono unapanda. Mkewe, Mama Sikujua, alishazoea kula chakula chake chini ya mkono.

Mlezi akameza kipande cha chungwa.

"Wewe! Huo mkono unamwonyesha nani?"

"Mtukufu, umepanda wenyewe."

"Ushushe."

"Naushusha, Mtukufu." Akauvuta kwa mkono wa pili, ukashuka. "Lakini umeotea."

Huko juu kibandani Tamimu alikuwa ameshalitoa nusu ya neno goli. Akalimeza, akakohoa. "Wasikilizaji," akasema, "hapa kuna utata."

Bao lilikubaliwa, bila shaka. Lilikubaliwa na Waziri wa Maneno kutoka jukwaani. Mpira ukaisha, watu wakaimba, wauguzi wakalia kwa furaha. Machibya na mshika kibendera wake, kijana mkimya aitwaye Hoza, wakaelekea chumba cha kubadilishia nguo. Kikosi cha Kutuliza Hali, chini ya Kapteni Bulugu, kikawafuata ili kutuliza hali.

Hali ilipotulia, Machibya alitolewa amebebwa ndani ya wavu wa goli, kama samaki. Hoza alitoka baadaye, taya limevimba kama amemeza embe, na kwenye taarifa yake ikaandikwa kwamba jino lilikuwa linamsumbua toka zamani.

Tamimu muda huo wote alikuwa juu kabisa, kwenye kibanda cha watangazaji, akinywa chai. Amesema hivyo mwenyewe, tena mara nyingi kuliko alivyoulizwa, na mimi sina sababu ya kumkatalia. Chai ilikuwa ya maziwa. Kikombe kilikuwa na picha ya twiga. Mtu mwongo atayatoa wapi mambo ya twiga?

Jioni ile ile aliisoma taarifa kwa sauti ya msiba: "Refa Machibya amefariki katika mazingira ya kutatanisha, baada ya kukutana na bao lenye utata." Watu wakazima redio, wakatazamana, hakuna aliyelia. Waziri wa Maneno aliposikia kwamba hawalii akafurahi sana.

* * *

Siku ya mazishi Tamimu aliitwa wizarani.

Mheshimiwa Mdachi alikuwa akikatwa kucha. Hakumkaribisha kiti.

"Koo la Taifa! Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mheshimiwa."

"Ya leo, au bado unainywa ile ya siku ya mpira?"

Tamimu akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Yule refa," akasema Waziri, "bado yuko juu ya ardhi. Mtukufu hapendi. Hajala vizuri tangu siku ile. Anasema anauona mkono kila akifumba macho."

"Anazikwa leo, Mheshimiwa. Kwao Bondeni."

"Bondeni! Na watani wa watu wa Bondeni ni akina nani?"

Koo la Taifa likakauka. Watani wa watu wa Bondeni ni watu wa Mlimani, na huko watani hawachezewi. Mtu wa Bondeni akifa, mtani wake wa Mlimani anakuja na kuvaa nguo za marehemu, anamwiga alivyokula, alivyotembea, alivyogombana na mkewe, na mwisho anaingia ndani ya kaburi lililo wazi na kuigiza alivyokufa. Mpaka aridhike kwamba amekufa sawasawa na marehemu, hatoki, na asipotoka, hazikwi mtu. Kumkasirikia ni mwiko. Kumgusa akiwa kaburini ni balaa. Baba mzazi wa Mlezi alipokuwa anazikwa, askari walimtoa mtani kwa kumvuta miguu, na Mlezi akashikwa na kwikwi iliyodumu mpaka msimu mwingine wa mvua. Alisoma hotuba ya bajeti kwa kwikwi. Nchi ikawa na bajeti ya vipande vipande. Tangu hapo sheria ya nchi ile inasema raia yeyote anaweza kupatwa na utata, isipokuwa mtani aliye ndani ya kaburi.

"Kwa hiyo sikiliza," akasema Waziri. "Wewe ndiye msomaji wa wasifu. Utawaambia ni utata, watakubali ni utata, mtani atatoka, refa ataingia. Kabla jua halijazama. Jua likizama kaburi bado liko wazi, Kapteni Bulugu ameagizwa asilipoteze kaburi la watu. Atakuzika wewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa."

"Sina hakika. Tarishi, hebu mkumbushe."

Tarishi alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kanzu safi. Akaweka chini trei ya barua. "Samahani sana mwanangu," akasema, akamchapa Tamimu ngumi ya sikio iliyomlaza chini ya meza. Kisha akamsaidia kuinuka, akampangusa koti. Sikio likawa linaimba wimbo wa taifa bila maneno.

* * *

Bondeni watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mahindi. Kikosi cha Kutuliza Hali kilikuwa kimelizunguka kaburi, virungu mkononi. Kapteni Bulugu alishatoa maelekezo ya msiba: kulia kunaruhusiwa, ila kwa pua tu. Mjomba mmoja wa marehemu akajisahau, akapasua sauti, "Wameniulia mtoto jamani!" Kirungu kikamjibu kabla hajamaliza. Akaondoka akiwa ameshika meno yake kwenye kofia, na waombolezaji waliobaki wakaendelea kulia kwa pua kama walivyoelekezwa.

Ndani ya kaburi, mtani alikuwa ameshaketi. Alikuwa Bi Mkejina, muuza uji kutoka Mlimani, mama mnene mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe. Alivaa jezi nyeusi ya marehemu, imembana kama soseji, na shingoni alining'iniza filimbi.

"Ehee! Koo la Taifa limefika!" akaita. "Karibu mwanangu, karibu tuzike."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Naona watu wanakufa vizuri. Haya, niambie mtani wangu alivyokufa, nimfuatishe, tuwahi kula."

Tamimu akashika kipaza sauti, akafungua karatasi. "Marehemu Machibya," akasoma, "baada ya kulitumikia taifa kwa filimbi yake, alipatwa na utata."

"Huyo Utata mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Askari mmoja akampiga aliyekuwa karibu naye mfupa wa bega. Kicheko na mfupa vikakatika pamoja.

"Utata si mtu, mama," akasema Tamimu. "Ni... ni hali."

"Ni hali. Sawa." Bi Mkejina akasimama, akaweka mkono kiunoni. "Na hiyo hali inakuja kwa miguu, au ina gari? Inapiga kwa mkono wa kulia, au ni ya mkono wa kushoto? Niambie, mwanangu, mimi naigiza tu, sitaki kumharibia mtu kifo chake."

"Utata hauna mkono."

"Hauna mkono! Basi ngoja." Akapepesuka kidogo, akashika kichwa kama mtu aliyesimama ghafla baada ya kulala mchana, akaketi taratibu kwenye udongo, akapiga miayo, akafumba macho. Kisha akafumbua moja. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo hasa," akasema Tamimu upesi. "Umemwiga vizuri sana. Toka."

"Sitoki. Mama Sikujua! Shemeji yangu! Mumeo ndivyo alivyokufa?"

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka puani. Akaitelemsha.

"Mimi nimemwosha, mtani. Mbavu zilikuwa zinagongana kama kuni kwenye gunia."

"Mfiwa, punguza maelezo," akasema Kapteni Bulugu, na Koplo Njiku, aliyekuwa nyuma ya mjane, akamsukuma kwa buti mgongoni, mama wa watu akaangukia uso. Alipoinuka mchanga ulikuwa umemjaa mdomoni, lakini alikuwa bado anamtazama mtani.

"Mmemwona mfiwa?" akasema Bi Mkejina. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Miayo haivunji mbavu. Mimi hapa nimefika. Nitakaa. Nina uji wangu."

Na kweli alikuwa na chupa ya uji.

Jua likawa limeshuka mpaka kwenye mabua ya mahindi. Kapteni Bulugu akamsogelea Tamimu, akamshika kisogo kwa upendo, kama mtu anayepima tikiti.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "kaburi hili lina urefu wako. Nimeshapima kwa macho."

"Afande, nifanye nini? Hataki!"

"Anataka kuigiza, si ndiyo? Mtangazie. Wewe si mtangazaji? Tangaza chochote, arukeruke, atoke. Ila haraka."

* * *

Basi Tamimu akakohoa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza kwa sauti ile ya mpira. Nia yake ilikuwa safi. Alitaka refa aingie chumbani, akae, apate utata, amalize.

"Machibya anaingia chumba cha kubadilishia nguo... anaketi kwenye benchi..."

Bi Mkejina akaketi kwenye ukingo wa udongo.

"Anapatwa na hali..."

Bi Mkejina akapiga magoti, akaunganisha viganja, akaanza kulia kwa sauti nyembamba: "Nisameheni wakubwa! Lilikuwa bao halali! Halali kabisa! Nitalala hapo chini mnikanyage!"

Watu wakaguna. Mjane akajifunika uso kwa aibu. Na Tamimu, jamani, ana ugonjwa mmoja. Anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia ngumi ya sikio, lakini hajawahi kuvumilia mchezo unaoonyeshwa vibaya. Kila mtangazaji wa mpira ndivyo alivyo. Akimsikia mtu kibandani anasema ilikuwa kona wakati ilikuwa mpira wa kurusha, hawezi kulala.

"Hakupiga magoti!" akasema. "Hebu simama! Machibya yuko kwenye pembe ya chumba, mguu mmoja juu, anavua kiatu cha kushoto!"

Bi Mkejina akainuka, akavua kiatu cha kushoto.

"Anaingia Kapteni Bulugu! Nyuma yake Koplo Njiku, nyuma ya Njiku yule mrefu wao, wote wana virungu, uwanja umejaa! Kapteni anauliza, bao ni halali au si halali? Machibya anafikiri. Anatazama dari. Anataka kusema halali, midomo ile inatengeneza halali... lahaula, mkono! Mkono unapanda wenyewe!"

Ndani ya kaburi mkono wa Bi Mkejina ukapanda.

"Kapteni anaanzisha! Kirungu, begani, kinateleza, kinatoka nje! Njiku anaupokea, anageuka, yuko peke yake, ana nafasi, anapigaaa... mbavuni! Mbavuni, wasikilizaji! Pigo safi, hakuna kipa duniani wa kulizuia lile!"

Bi Mkejina akajitupa ukutani mwa kaburi, udongo ukaporomoka. Na Koplo Njiku, aliyekuwa hajawahi kutajwa na mtangazaji toka azaliwe, akainua mkono akawapungia watu.

"Machibya chini! Anainuka! Hakuna faulo, wasikilizaji, kwa sababu hakuna refa, refa ndiye mpira! Kapteni kwa Njiku, Njiku kwa yule mrefu, yule mrefu anarudi nyuma, anakuja, njumu hizo, taya! Tayaaa! Meno mawili yako nje ya uwanja! Anarudishwa katikati. Kiwiko cha Njiku, pua hiyo, sakafu imelowa, Kapteni anateleza, anashika ukuta, anasimama, anarudi kwa hasira! Tumbo! Tumbo tena! Machibya analala kifudifudi, hasemi kitu, haombi hata maji, lakini mkono... bado uko juu! Mwili umelala, mkono uko juu! Kapteni anaukanyaga, unapanda. Anaukanyaga, unapanda! Anaushika, anauweka juu ya goti lake, anauvunja kiwikoni, mnausikia huo mlio! Tuko dakika za majeruhi, majeruhi ni mmoja, yule mrefu anamalizia, kichwani, kichwani, na mpira umekwishaaa!"

Akashusha kipaza sauti. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye viatu. Alikuwa na ile furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Bi Mkejina alikuwa amelala chini ya kaburi, mkono umekunjika vibaya, hatikisiki, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa mdomo na hakuna askari aliyekumbuka kumkataza. Koplo Njiku akaushusha mkono wake polepole, akaivua kofia yake, akaificha mgongoni. Hakuna aliyekuwa akimtazama Kapteni. Watu wote walikuwa wanamtazama Tamimu.

Hapo ndipo furaha ilipomtoka.

"Hivyo... hivyo ndivyo nilivyosimuliwa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mimi sikuwepo. Nilikuwa kibandani. Nakunywa chai."

"Tumekusikia," akasema Kapteni Bulugu. Mshipa wa shingo yake ulikuwa unacheza, lakini jua lilikuwa bado halijazama, limebaki kipande kama ukucha, na agizo ni agizo. "Mtani. Umeridhika?"

Bi Mkejina akaketi, akapangusa udongo usoni. Machozi yalikuwa yamechora mistari mashavuni.

"Sasa nimemtambua mtani wangu," akasema. "Huyu ndiye Machibya. Nimeridhika, afande. Nipeni mkono nitoke."

Akanyanyua mguu mmoja, akauweka juu ya ukingo. Wabeba jeneza wakainama kulishika. Tamimu akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ya mtu atakayekula chakula cha jioni kwake, nyuma ya geti lake.

"Ila mwanangu," akasema Bi Mkejina, mguu bado uko pale ukingoni, "mtani wangu alikuwa na mbio. Alikuwa anamfukuza kuku mpaka kuku anaomba poo. Chumba kina mlango. Mbona hakukimbia?"

"Mlango," akasema Tamimu. "Mlango ulikuwa... ulikuwa na utata."

Kutoka kwenye kundi la vijana waliolibeba jeneza akasimama Hoza. Taya lake lilikuwa limefungwa kitambaa kilichozunguka mpaka utosini. Hakuna aliyemsikia akisema neno tangu siku ya mpira. Akaufungua ule mfundo, kitambaa kikaanguka, akanyoosha mkono juu, wima kabisa, kama wafanyavyo washika kibendera, na akaanza kusema bila kufungua meno, hivyo kila mtu akasogea ili amsikie.

"Mlango aliufunga yeye. Mimi nilikuwa chini ya benchi, nilikuwa naviona viatu vyake. Aliingia wa mwisho. Akageuza ufunguo, akakohoa kidogo, akasema: wasikilizaji, mpira unaanza."

Bi Mkejina akaurudisha mguu ndani ya kaburi.